Dada, usimtie mbwa hayo matone ya mtoto

Dada wa Tabata, iweke chini hiyo chupa. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba mbwa wako ameamka jicho la kushoto limevimba na analifumba, na kwa kuwa mwezi mzima anajikuna tumbo na makwapa umeona ni aleji tu. Kabatini una matone ya macho yaliyobaki mwanao alipougua, unauliza utie mangapi. Umeuliza pia kuhusu chakula na sabuni ya kumwogeshea. Mimi nitaanza na hayo matone, maana nimesoma swali lako mikono ikinitetemeka.

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Yupo hai, ila ana jicho moja. Lile jingine nililiua mimi kwa mkono wangu, matone mawili asubuhi, mawili jioni, kwa siku 5.

Ilikuwa Julai 2024, huku Goba, Dar es Salaam. Masika yamekwisha, majani ya kiwanja cha jirani yamekauka, kusi inavuma na vumbi lake. Ijumaa jioni Bosi karudi kutoka huko majanini kafumba jicho la kulia, kope zimeumuka kama kitumbua, machozi yanamchuruzika mpaka mdomoni. Kila dakika anajisugua kwenye mguu wa kochi. Naye alikuwa mbwa wa kujikuna, kama wako, kwa hiyo neno aleji lilikuwa tayari kichwani mwangu.

Nyumbani kulikuwa na matone tuliyonunua mwanzoni mwa mwaka ule, macho mekundu yalipolipitia jiji zima. Nikampigia bwana mmoja muuza dawa za mifugo, ambaye mtaani tunamwita dokta. Hakuuliza kama ni jicho moja au yote mawili. Hakuuliza kama analifumba. Aliuliza nina dawa gani ndani, nikamsomea jina, akajibu: "Hiyo hiyo, mtie, ni aleji ya vumbi." Simu haikufika hata dakika 2. Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Mtu amezoea kuuza dawa ya minyoo ya kuku, ni kitu gani kinachomzuia kusema "hilo silijui, mpeleke kwa daktari"? Nilipomrudia baadaye akasema pengine jicho lilikuwa bovu tangu zamani. Pengine! Jicho lililokuwa linaona nzi ukutani.

Sasa sikiliza mtego ulipo, dada. Siku ya pili uvimbe ulishuka. Wekundu ukaisha. Mke wangu akasema tumshukuru Mungu, nami nikaendelea kutia kwa moyo mmoja. Yale matone yalikuwa na dawa mbili ndani yake: ya kuua bakteria, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi inazima uvimbe na wekundu upesi sana. Lakini kama kile kioo cha mbele cha jicho kina mchubuko, steroidi hiyo hiyo inazuia kidonda kisifunge na inaupunguzia mwili nguvu ya kupambana na vijidudu. Juu unaona nafuu, chini kidonda kinachimba. Na hakina pa kuchimba sana: kioo hicho kwa mbwa unene wake haufiki hata milimita 1.

Siku ya nne jicho likawa na ukungu wa buluu, kama maji ya kuoshea mchele. Siku ya tano nikaona kishimo katikati. Hapo ndipo nilipokodi bajaji, nikamwongeza dereva hela akubali kubeba mbwa, tukaenda kwa daktari wa mifugo wa kweli.

Yule daktari kwanza alichukua kikaratasi cha rangi ya chungwa, akakilowesha, akakigusisha kwenye jicho, akasuuza, akazima taa na kumulika kwa mwanga wa buluu. Katikati ya jicho pakawaka kijani, duara pana. Rangi hiyo inaitwa fluoresini, haishiki kwenye kioo kizima, inashika penye kidonda tu. Kipimo chenyewe hakikuzidi dakika 5. Kisha akainua kope la tatu, ile ngozi nyeupe inayotokea kwenye pembe ya ndani, akatoa kwa koleo kipande cha shuke la majani makavu. Hicho ndicho kilichokuwa kinakwaruza kila Bosi anapopepesa. Hapakuwa na aleji yoyote katika jicho lile. Kipande kile kingetolewa Ijumaa ile, mchubuko wenyewe pengine ungefunga ndani ya wiki.

Tulirudi na dawa ya kutia kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Usiku wa pili jicho likatoboka. Akapigwa nusu kaputi, likatolewa. Nililipa shilingi 380,000, na hizo si ndizo zilizoniuma. Kilichoniuma ni kwamba siku zote 5 alikuwa ananiletea kichwa mwenyewe nimtie dawa.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: jicho la mbwa halitiwi tone lolote lenye steroidi kabla halijapimwa kwa rangi. Soma boksi lako sasa hivi. Ukiona jina linaloishia na herufi "sone" au "olone", ndiyo hiyo. Hata kama haina, chupa ya macho ikishafunguliwa haivuki wiki 4, na ya kwako umesema ni ya tangu mwaka jana.

Tena maelezo yako hayafanani na aleji. Aleji ya macho mara nyingi inashika pande zote mbili, yanawasha na kutoa machozi, lakini mbwa anayafumbua. Jicho moja, limefumbwa, anakimbia mwanga: huyo anaumia.

Leo kabla hujatoka naye kwenda kliniki, nunua famasi maji ya dripu ya chumvi, yale ya kawaida, umsuuze taratibu, mtu mwingine akimshika kichwa. Ukiona kitu kimechoma kwenye jicho lenyewe usikivute. Mzuie asijikune: kata kitako cha kindoo cha plastiki, lainisha kingo kwa kitambaa, mvishe shingoni, ukifunge kwenye mkanda wake. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Vidonge vya mafua vya binadamu usimpe pia, vingine vina dawa inayoweza kumuua.

Uso wote ukivimba ghafla, akatapika au akahema kwa shida, hapo pengine ni nyuki au kitu kingine kimemuuma, usisuuze chochote, kimbia naye. Na kama huko kwenu kuna swila, yule nyoka anayetema sumu, na unahisi ametemewa mate, suuza kwa maji mengi hapo hapo dakika 15 au 20, halafu ndiyo utafute usafiri.

Habari ya kujikuna, mpekue viroboto kwanza, hasa mgongoni karibu na mkia. Na kupe pia, maana homa wanayoileta inaweza kufika mpaka machoni.

Ukipiga simu kliniki, kabla hujapanda bajaji, waulize swali moja: "Mna ile rangi ya kupimia jicho?" Wakisema hawana, piga kwingine. Kuna Baraza la Veterinari linalosajili madaktari hawa kwa sheria, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama aliyepokea simu amesajiliwa. Mimi sikuuliza.

Nipo macho mpaka saa 6 usiku. Ukitoka huko niandikie ilivyowaka.