Mjomba anapendwa, chama cha nini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mjomba wangu alitia nia ya ubunge kupitia chama chake. Mtaani jina lilikuwa lake, lakini kwenye kura za maoni wajumbe wakamtupa nafasi ya nne. Sasa watu wanamwambia agombee bila chama. Inawezekana? Na hivi vyama vina kazi gani zaidi ya kugawa fulana na kofia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mjomba pole. Wajumbe hawakuanza naye.

Kugombea bila chama hapa Tanzania haiwezekani. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania kesi hii tangu 1993. Mahakama Kuu ikampa haki mara mbili, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, nako akashinda Juni 2013. Katiba haikubadilika. Wakenya waliruhusu mgombea binafsi kwenye Katiba yao ya 2010, na mimi naona nasi tungeruhusu.

Ila hiyo ya fulana umewaonea. Nimewahi kuwa wakala wa chama kwenye kituo cha kura, darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Alfajiri tulionyeshwa sanduku tupu kabla halijafungwa lakiri. Usiku zikahesabiwa kura kwa mwanga wa taa ya chemli, karatasi inainuliwa moja moja tuione wote. Ikatokea moja ambayo alama ya vema imekanyaga visanduku viwili. Nikabishana na wakala wa chama kingine mpaka msimamizi akaamua. Tukasaini fomu ya matokeo, nakala nikaitia mfuko wa ndani wa koti nikaenda kuikabidhi. Sasa mjomba peke yake atawatoa wapi watu wa kukesha hivyo kila kituo cha jimbo zima, bado ya kuwalisha?

Kisha kuna kazi ya bungeni. Sakata la Escrow mwaka 2014, lile la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu, lilichambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani. Kuukalia uenyekiti ule kunahitaji kambi ya wabunge nyuma yako, na kambi hutokana na vyama.

Mjomba akiamua kuhamia chama kingine, asome kwanza katiba ya chama hicho, hasa kipengele cha kufukuzwa uanachama. Ibara ya 71 ya Katiba ya nchi inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge nao unakoma.