Kabla kijana hajaacha chuo kufuata NFL: yadi zake zisikudanganye

Dada, nimesoma ulichoandika mara mbili na kimenigusa. Mwanao yuko mwaka wa tatu chuoni Marekani, anacheza raningibeki kwenye mpira wa Kimarekani, msimu huu amekimbia yadi zaidi ya 1,100, ana kilo 88. Mtu anayejiita wakala amempigia baba yake simu, anasema kijana akijitangaza Januari hii kwa ajili ya drafti, pale timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, atachaguliwa raundi ya tatu. Baba anataka mtoto aache masomo. Wewe moyo unakataa, ila mchezo wenyewe huuelewi, kwa hiyo huna la kumjibu mzee. Hapa juu wengi wamekupongeza tu, na mmoja amekutajia Adongo wa Kenya aliyefika NFL. Mimi nitakujibu kwa niliyoyaona kwa macho.

Nilikuja huku kusoma uhasibu. Kazi niliyopewa chuoni ili nipunguze ada ilikuwa kwenye ofisi ya video ya timu ya mpira wao. Misimu minne nilisimama juu ya mnara wa chuma pembeni ya uwanja, nikirekodi mazoezi hadi vidole vinakufa ganzi kwa baridi, na usiku nakatakata vipande ili kila kocha apate vya namba yake. Kocha wa raningibeki alinifanyisha kazi kuliko wote, ndiyo maana namba hiyo naifahamu.

Kwa wasiojua: raningibeki ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kisha anakimbia nao katikati ya watu. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na kijana aliyevuka yadi 1,000. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake, na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku moja kocha akaniambia nimtolee mikimbio yake yote ya msimu, na kila mmoja nisimamishe picha pale beki wa kwanza anapomgusa. Nilikaa ofisini hadi saa nane usiku. Kadiri nilivyosimamisha ndivyo picha zilivyozidi kufanana: kijana ameshasogea yadi nne au tano, hakuna aliyemgusa, na mbele yake wale wanene wa mstari wa mbele wamefungua njia ambayo gari lingepita. Halafu naiachia video iendelee. Akiguswa begani, chini. Akishikwa mguu mmoja, chini. Yadi zile zilikuwa za wenzake watano waliokuwa wakisukumana na watu wa kilo 130, ila kwenye karatasi ziliandikwa jina lake.

Mama yake alikuja kwenye mechi ya mwisho. Alikuwa amesikia nafanya kazi na makocha, akanivuta pembeni akaniuliza kama mwanawe ataitwa na timu ya NFL. Nikamwambia asiwe na shaka, ataitwa. Niliyasema hayo nikiwa nimeshaziona picha zile, kwa sababu sikutaka kumvunja moyo. Kijana alijitangaza, akaacha chuo akiwa amebakiza masomo machache ya kumaliza shahada, na hakuna timu iliyomchagua. Ndiyo maana leo naandika kirefu hivi.

Na si chuo chetu tu. Raningibeki Trent Richardson alipokuwa Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 2011 alikimbia yadi 1,679, nyuma ya mstari wa watu ambao ukuta ungewapisha. Timu ya Cleveland wakamchagua wa tatu katika drafti nzima ya 2012. Msimu wa pili ulipoanza tu wakambadilisha na Indianapolis, na kwa maisha yake yote ya NFL aliishia na wastani wa yadi 3.3 kwa kila mkimbio. Walikuwa watu wazima wenye skauti na kompyuta, na bado yadi ziliwadanganya. Sasa baba mtu aliyeko Mwanza anayesomewa takwimu kwenye simu atajuaje?

Hili unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani. Chukua mechi nzima, usichukue zile video za dakika tatu zilizowekewa muziki. Kila anapopewa mpira, simamisha anapoguswa mara ya kwanza, angalia yuko mstari gani, kisha angalia ameanguka wapi. Mistari ya yadi imechorwa uwanjani, huhitaji mtaalamu. Andika kwenye daftari. Kama mikimbio mingi inamwonyesha akiguswa mapema na bado anaongeza yadi mbili tatu, akianguka kwa mbele, huyo ana kitu chake mwenyewe. Ashton Jeanty wa Boise State alimaliza msimu wa 2024 na yadi 2,601, akaikaribia rekodi ya vyuo ya Barry Sanders ya 2,628 iliyowekwa mwaka 1988. Lakini kilichowafanya timu ya Raiders wamchukue wa sita mwaka 2025 si jumla ile peke yake. Sehemu kubwa mno ya yadi zile alizipata akiwa ameshashikwa tayari, watu wananing'inia mgongoni na miguu yake inaendelea kwenda.

Sasa nije kwenye lile ambalo mashabiki hawalitazami kabisa, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote: anafanya nini wakati hana mpira?

Jaribio la tatu, zimebaki yadi nane. Kila mtu uwanjani anajua kwotabeki atarusha. Raningibeki anasimama pembeni yake. Kazi yake hapo ni kusoma ni beki gani atakayechomoka kuja kumvamia kwotabeki, amfikie kabla, na amzuie kwa kifua. Yule beki ana kilo 105 na ametoka mbali akikimbia. Raningibeki ana sekunde moja na nusu ya kuamua. Akikosea mtu, kwotabeki anayelipwa mamilioni anaweza kubebwa uwanjani kwa machela.

Kwenye mazoezi yetu walikuwa wanalipanga zoezi hili Jumanne. Beki mmoja, raningibeki mmoja, na pipa la plastiki nyuma yake likiwa ndilo kwotabeki. Kule juu mnarani nilikuwa nasikia mgongano kabla sijauona vizuri kwenye kamera. Yule nyota wetu alikuwa anainamisha kichwa, anafumba macho, anarusha bega. Beki anampita, pipa linaruka. Kila Jumanne. Nyuma yake kulikuwa na kijana mfupi, wa akiba, ambaye msimu mzima hakufikisha yadi 300. Huyo alikuwa anapiga hatua moja ndogo kwa ndani, anakunja magoti, anaweka viganja chini ya kifua cha beki, na kichwa kimeinuliwa. Alikuwa anarudishwa nyuma, ndiyo, hatua mbili tatu, lakini pipa lilibaki limesimama. Kocha alikuwa anairudisha video ile mara tano mfululizo mbele ya wenzake bila kusema neno. Yule wa akiba ndiye aliyekuja kuitwa kambini na timu ya NFL bila kuchaguliwa kwenye drafti, akadumu misimu miwili. Msimamo wa miguu yake ndio uliomlisha.

Kwa hiyo nikisikia kijana wako ana kilo 88, hainitishi. Kyren Williams wa Notre Dame alikuwa na uzito huohuo. Pale Indianapolis, NFL walipowapima vijana wa drafti ya 2022, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.65, muda ambao kwa namba yake ni wa polepole. Akachaguliwa raundi ya tano. Lakini tangu chuo alijulikana kwa ubishi wa kumkinga kwotabeki na kwa mikono ya kudaka, na mwaka 2023 akawapa timu yake ya Rams yadi 1,144. Kocha hawezi kumwacha nje mtu anayeweza kubaki uwanjani majaribio yote. Anayejua kukimbia tu lazima atolewe kila wakati wa kurusha, na kutolewa kwake kunawapa wapinzani taarifa.

Mwulize mwanao pia kama anacheza vikosi maalumu, wale wanaoingia wakati wa mpira wa kupigwa kwa mguu. Nyota wengi wa chuo hawachezi huko, wanaona ni kazi ya chini. Terrell Davis alichaguliwa wa 196 mwaka 1995, raundi ya sita, na Denver walikuwa na raningibeki kibao mbele yake. Kwenye mechi ya maandalizi mjini Tokyo aliingizwa kukimbiza mpira wa kuanzia, akamgonga mpinzani kishindo ambacho makocha hawakukisahau. Mwaka 1998 akakimbia yadi 2,008. Hizo zilikuja baadaye. Mlango aliufungua kwa kugonga mtu bila mpira.

Piga hesabu ya nafasi. Timu ni 32, kila moja inasajili wachezaji 53, na kati yao raningibeki ni watatu au wanne. Nchi nzima hazifiki kazi 130, na nyingi zina watu tayari. NCAA wenyewe, chama cha michezo ya vyuo, wanakadiria kuwa kati ya wachezaji wa vyuo wanaofikia sifa za kuchaguliwa, wanaoingia NFL ni kama asilimia 1.6. Mshahara wa chini wa mchezaji mpya mwaka 2025 ulikuwa dola 840,000, najua mzee ameshausikia, ila unalipwa wiki kwa wiki msimu ukiwa umeanza. Ukikatwa Agosti kambini, fedha hiyo huioni.

Halafu kuna magoti. Marcus Lattimore wa South Carolina alikuwa raningibeki ambaye kila mtu alimwona wa raundi ya kwanza. Aliumia goti 2011, akaumia jingine vibaya 2012, San Francisco wakamchagua raundi ya nne 2013, na hakucheza hata mechi moja ya NFL. Hili nalitaja kwa uchungu kwa sababu lina kisu pande zote mbili: ndilo linalowafanya wengine waseme "aondoke sasa kabla hajaumia", na ndilo hilohilo linalofanya shahada iwe ya lazima. Kila mpira anaobeba chuoni unapunguza mwili wake. Kama msimu huu amebeba mara 250, na mwaka kesho watambebesha 300 kwenye timu dhaifu, hapo nami nitasita kusema abaki. Kwa hiyo niambie amebeba mara ngapi kwa miaka mitatu, na kama amewahi kupasuliwa.

Kuhusu huyo wakala. Mawakala wa wachezaji wa NFL husajiliwa na chama cha wachezaji, NFLPA, na jina lake linaweza kukaguliwa huko. Likikosekana, mazungumzo yameisha. Lakini hata likiwepo, kuna jambo. NFL ina kamati inayowatathmini vijana wanaotaka kuondoka chuo mapema; chuo ndicho kinachoomba, na huduma hiyo ipo kwa ajili yao. Majibu yake ni matatu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au ubaki shuleni. Jibu la "raundi ya tatu" halipo. Maana yake hata kama wakala anasema kweli tupu, kijana wa raundi ya tatu anaambiwa na NFL wenyewe abaki. Mwambie mzee hivyo, kwa upole, na mwanao aende kwa kocha wake wiki hii akaombe tathmini hiyo.

Ndugu uliyemtaja Adongo, nakuelewa, nasi sote tulifurahi Indianapolis walipomsajili 2013 akitokea raga. Ila hakubeba mpira; walimfanya mlinzi na kumtumia kwenye vikosi maalumu, mechi chache, basi. Mwafrika aliyetikisa kwa namba ya huyu kijana ni Christian Okoye wa Nigeria, aliyekuja Marekani kurusha kisahani, na mwaka 1989 akaongoza NFL nzima kwa yadi 1,480 akiwa na Kansas City. Alikuwa na zaidi ya kilo 110 na kasi ya mwanariadha. Mwili ule huzaliwa nao, haupatikani kwa kuiga mfano.

Dada, mimi si skauti, lakini video najua kuzisoma. Mwambie kijana anitumie mechi tatu nzima, zile za kamera ya juu ambazo timu hujirekodia. Moja iwe waliyoshinda kwa urahisi, moja dhidi ya timu ngumu kuliko zote walizocheza nazo, na moja iwe ile waliyofungwa. Nitaanza na ile waliyofungwa, majaribio ya tatu tu, na Jumapili jioni nitakuandikia nilichokiona, hata kama ni kibaya.