Kunde, njugu mawe na korosho za vipande: chai yangu ya asubuhi hapa Mtwara

Kwa miaka mingi chai yangu ya asubuhi ilikuwa vikombe viwili vya chai ya rangi na maandazi matatu, au vitumbua vinne kama mama wa kona ya kwetu Chuno amewahi kupika. Natoka nyumbani nimeshiba kabisa. Ikifika saa nne kasoro, katikati ya kipindi cha hisabati, tumbo linanguruma, mikono inatetemeka kidogo, na mwanafunzi akiuliza swali namjibu kwa ukali asioustahili. Mapumziko yakifika nanunua andazi jingine na soda. Njaa hiyo niliizoea hadi nikaiita uchovu wa kazi.

Mama yangu alipogundulika ana kisukari ndipo nilipoanza kuhesabu vijiko. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi. Mimi nilikuwa naweka vitatu kila kikombe, vikombe viwili, jumla gramu 24, kabla sijagusa andazi ambalo nalo lina sukari yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema mtu mzima akibaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku nzima ndiyo bora zaidi. Mimi nilikuwa naimaliza sehemu yangu ya kutwa saa moja asubuhi.

Nikapunguza sukari kwenye chai, nikadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Chai ilikuwa chungu, andazi lilikuwa lilelile, na saa nne njaa ilinikuta palepale. Tatizo kubwa lilikuwa kitafunwa. Unga mweupe wa ngano una protini kidogo na nyuzinyuzi kidogo, unayeyushwa upesi, sukari inapanda kwenye damu kisha inashuka, na mwili unadai tena. Protini na nyuzinyuzi huchelewa tumboni. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze na kikombe, anza na sahani iliyo kando yake.

Na sisi watu wa kusini hatuna haja ya kwenda mbali. Ufuta, mbaazi, korosho, karanga, kunde, choroko, vyote vinalimwa hapa. Hata bandari yetu ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya karanga, Waingereza walipokuja na mradi wao wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi ambao ulifutwa 1951. Inaniuma kuona magunia ya mbaazi na ufuta yanapita barabarani kwenda kuuzwa nje, huku watoto wetu wanakwenda shule na chai ya sukari na andazi.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni bagia za kunde, na hapa nitaeleza taratibu maana wengi huzikata tamaa baada ya kujaribu mara moja. Loweka robo kilo ya kunde usiku. Ukiamka, zifikiche kwa viganja ndani ya maji. Maganda yataelea, yamwage, ongeza maji, rudia mara tatu au nne. Si lazima yatoke yote. Kisha saga kwa maji machache mno, vijiko viwili vitatu tu. Mimi mara ya kwanza niliweka maji mengi ili blenda izunguke vizuri. Rojo likawa jepesi, bagia zikatawanyika ndani ya mafuta, nikaopoa makombo na watoto wakaenda shule na mkate mtupu. Siku hizi blenda ikigoma naizima, nakoroga kwa mwiko, naiwasha tena, hadi isage yenyewe.

Ukishasaga, tia chumvi, kitunguu, giligilani na pilipili mbuzi ukipenda, halafu piga rojo kwa mwiko dakika tano bila kuchoka. Litabadilika rangi liwe jeupe zaidi, na mwiko utausikia mwepesi mkononi. Dondosha tone kwenye bilauri ya maji. Likielea, tayari. Likizama, endelea kupiga. Hewa hiyo ndiyo inayofanya bagia iwe laini ndani bila hamira.

Na kwa kuwa sitaki mafuta mengi, sizitumbukizi kwenye karai. Natumia kikaango cha vitumbua: matone machache ya mafuta kila shimo, rojo kijiko kimoja, nageuza likishika rangi. Robo kilo ya kunde kavu ina protini zaidi ya gramu 55, kwa hiyo tukigawana watu wanne kila mmoja anapata kama gramu 14, zaidi ya mayai mawili. Sukari ya kuongeza hakuna kabisa. Mimi hula tano na kachumbari, na njaa hainikumbuki mpaka saa saba.

Njugu mawe nazo nimezirudia ukubwani. Bibi yangu kule Newala alikuwa anazichemsha jioni, anaziacha jikoni, asubuhi anakula bakuli moja na chai isiyo na sukari. Nikiwa mdogo nilimuuliza, "Bibi, mbona chai yako chungu?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, njugu zenyewe tamu, sukari ya nini?" Sasa namwelewa. Ukitafuna njugu mawe iliyoiva sawasawa, utamu wake unakuja polepole, wa unga unga, na chai isiyo na sukari inakaa nayo vizuri. Zikiwa kavu ni ngumu kama jina lake, kwa hiyo loweka usiku kucha na umwage yale maji, la sivyo utamaliza mkaa. Chumvi tia mwishoni. Zikitoka shambani zikiwa mbichi, chemsha na maganda yake, ni kitafunwa cha kubeba mfukoni.

Korosho wengi wanaona ni chakula cha wageni na cha zawadi kwa watu wa Dar es Salaam. Muulize muuzaji vipande. Korosho iliyovunjika ina ladha ileile na lishe ileile, na bei yake huwa chini kuliko nzima. Ila hapa niwe mkweli: korosho ina mafuta mengi. Konzi moja, gramu 30 hivi, inakupa protini gramu 5 pamoja na nishati nyingi, na ukila huku unaongea utajikuta umemaliza pakiti. Mimi napima kwa kikombe kidogo cha kahawa, nafunga, naondoka. Pamoja na yai moja la kuchemsha inatosha.

Yai halihitaji maelezo, gramu 6 za protini na unaliuziwa hadi stendi na kachumbari yake. Siku nikipita feri jioni nanunua samaki wadogo, nawakausha kwa chumvi na ndimu, asubuhi nakula na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Muhogo peke yake haukai tumboni, ukipata samaki unakaa.

Jihadhari na vinavyojificha. Niliwahi kununua siagi ya karanga dukani nikiamini nimepata suluhisho, nilipokuja kusoma maandishi madogo ya nyuma, sukari ilikuwa ya pili baada ya karanga. Mtindi wenye ladha ya matunda ni hivyohivyo. Soma kabla ya kulipa. Kinachoandikwa mwanzo ndicho kingi. Karanga ni rahisi kusaga mwenyewe, ila chagua moja moja: iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupe, usiichanganye. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haitoki yote kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Sukari ya kwenye chai niliipunguza nusu kijiko kila wiki mbili, huku naongeza mchaichai na tangawizi. Ilichukua miezi mitatu. Yule mama wa vitumbua alikuwa ananiita, "Mwalimu, leo hunichangii?" Nami namwambia, "Jumamosi, mama, nakuja na watoto." Na kweli Jumamosi tunakwenda, tunanunua viwili viwili.

Kama unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari wako kabla ya kubadilisha chai ya asubuhi, maana dozi na chakula vinakwenda pamoja; mama yangu ilibidi apimwe upya. Na mwenye tatizo la figo asijiongezee protini bila kuuliza.

Jambo moja la jikoni kwa anayeishi kwenye joto letu hili: ukipika mbaazi au kunde jioni kwa ajili ya asubuhi, usitie nazi. Zenye nazi huchacha usiku, ukifunua sufuria alfajiri unakuta povu. Zichemshe na chumvi tu, tui lipike asubuhi dakika kumi wakati maji ya chai yanachemka.