Titi limekuwa gumu baada ya kuweka silikoni: usikubali likandwe

Pole sana mdogo wangu. Unasema uliweka silikoni India miaka minne iliyopita, sasa titi la kushoto ni gumu, limepanda juu na linauma, na dada wa saluni pale Sinza anataka kulikanda kwa mafuta. Usikubali kabisa! Likiminywa kwa nguvu, silikoni inaweza kupasuka.

Unavyoeleza, inafanana na kovu kukaza. Mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kitu kigeni, na kwa baadhi ya wanawake utando huo husinyaa na kuibana silikoni. Ikifika hatua ya maumivu na umbo kubadilika, mara nyingi ni kupasuliwa tena: kuondoa utando, na silikoni kubadilishwa au kutolewa moja kwa moja. Na tatizo linaweza kurudi. Wanaotangaza urembo huu hawalisemi, na inaniuma sana, kwa sababu FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inasema wazi kwamba silikoni hizi si za maisha, na hadi asilimia 20 ya waliokuza matiti huzitoa ndani ya miaka 8 hadi 10.

Kapige ultrasaundi, kisha umwone daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, Muhimbili wapo. Beba kadi ya silikoni zako. Kama ni za aina ya BIOCELL za kampuni ya Allergan mwambie, maana ziliondolewa sokoni 2019 kwa kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Ukipata homa, wekundu au uvimbe wa ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.