Nilipata alama 100 za ufikivu, na ami yangu hakuweza kukata tiketi

Umeuliza, ndugu, uanzie wapi kujifunza ufikivu wa tovuti, yaani kuzifanya zitumike hata na mtu asiyeona au asiyeweza kushika kipanya, na utumie programu gani kuzipima. Nitakueleza nilivyojifunza mimi, maana nilianza na programu peke yake, zikanipoteza.

Niko Chake Chake, kazi yangu kutengeneza tovuti. Nilimtengenezea wakala mmoja tovuti ya kukatia tiketi za boti, Mkoani kwenda Unguja. Nikaipima kwa Lighthouse, ile iliyomo ndani ya Chrome, nikapata 100 upande wa ufikivu. Nikajiona nimemaliza. Ami yangu haoni. Kompyuta anaitumia kwa NVDA, kisoma skrini cha bure kinachomsomea kwa sauti. Alikuwa ana safari, nikamwambia mara hii akate tiketi mwenyewe.

Nilikaa ubavuni mwake. Ratiba nilikuwa nimeiweka kama picha, na maelezo mbadala, yale maandishi anayosomewa asiyeiona picha, nimeandika "ratiba ya boti". Lighthouse iliangalia kama maelezo yapo, ikayakuta, ikaridhika. Ami akasikia "ratiba ya boti", basi. Boti inaondoka saa ngapi hakuambiwa. Kalenda ya kuchagulia tarehe ilikuwa haifunguki ila kwa kipanya, kila akibonyeza Tab inarukwa. Na kiolezo nilichoanzia kilikuwa na lang="en", ile alama inayosema ukurasa ni wa Kiingereza, sikukigusa, kwa hivyo Kiswahili chote kikasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Akavua hedifoni. "Mwanangu, hii lugha gani?"

Hilo la lugha naliwekea mkazo kwa sababu nalikuta mara kwa mara kwenye tovuti zetu, hata za skuli. Ukiandika lang="sw", NVDA ikiwa inatumia eSpeak, programu ya sauti inayokuja nayo, inaweza kuhamia sauti yake ya Kiswahili. Herufi mbili tu, na mtu anaelewa anachosomewa.

Kwa hivyo mimi sasa naanza na mikono yangu. Naweka kipanya kando, napita ukurasa mzima kwa Tab na Enter: je, naona niko wapi, nafika kwenye kila kitufe, natoka kwenye kila dirisha lililofunguka? Kisha nawasha NVDA, nazima skrini, najaribu kumaliza kazi moja kamili. Herufi H inakurusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine. Kama hairuki popote, vichwa vyako ni maandishi yaliyokozwa tu. Kwenye simu ya Android tumia TalkBack, kisoma skrini chake. Lighthouse na WAVE, programu nyingine ya kupimia, nazitumia bado, zinakamata haraka picha zisizo na maelezo na sehemu za fomu zisizo na lebo.

Mwongozo wenyewe wa ufikivu ni WCAG wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti; toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Lenga daraja la AA, lile la kati baina ya A na AAA, na usijaribu kuumeza wote kwa siku moja. Anza na rangi: maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na usuli wake kwa angalau 4.5 kwa 1. Kile kijivu chepesi juu ya nyeupe tunachokipenda, mtu akisimama juani bandarini na simu yake hakisomi, hata akiwa na macho mazima.

Ratiba niliigeuza jedwali halisi, tarehe ikawa ya kuandika. Ami alikata tiketi yake akiwa barazani. Tovuti yako ikiwa tayari, weka kiungo hapa, nitaipitia kwa NVDA nikwambie ninachokisikia.