Wenye karakana wenzangu, hiyo asilimia 35 mnaifanyia nini?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi na wauza fenicha mada ni moja tu siku hizi, serikali ifunge fenicha za China, lisiingie hata kontena moja. Mimi nina karakana Keko, Dar es Salaam, natengeneza vitanda, milango na makabati ya jikoni, kwa hiyo maumivu ya bei ya kontena nayajua vizuri, ila nataka niseme kitu ambacho kitawaudhi baadhi yenu: ulinzi tayari tunao, ushuru wa asilimia 35 kwa fenicha za nje, tena mkubwa, na wengi wetu tumeukalia tu.

Kwa ambaye hakuwa na habari, Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki ziliongeza daraja la nne kwenye ushuru wa pamoja wa forodha. Zamani ilikuwa asilimia 0, 10 na 25, wakaweka na 35 kwa bidhaa wanazoona zinatengenezeka huku kwetu, na fenicha imo, pamoja na nguo, mafuta ya kula, bidhaa za ngozi, rangi na nyinginezo. Sasa kabla hujashangilia piga hesabu kidogo. Mfano tu, tuseme sofa ya nje bila ushuru inauzwa milioni 1, na wewe ukitengeneza ya aina hiyo sponji, kitambaa na mbao vinakula laki 6, unabaki na laki 4 ya mafundi, pango, umeme na faida. Ikiwekwa 35 kwenye sofa, ile ya nje inafika milioni 1 na laki 3 na nusu, na wewe unaweza kupandisha mpaka hapo. Kama vifaa vyako havina ushuru, laki 4 imekuwa laki 7 na nusu. Lakini kama navyo vimepigwa 25, vinakula laki 7 na nusu, unabaki na laki 6. Sofa ileile, ulinzi uleule kwenye karatasi, ila mfukoni tofauti kubwa sana. Ndo maana mi nikiulizwa tuiombe nini serikali nasema tushushiwe vifaa, hiyo ya kufunga fenicha za watu tuachane nayo, na nikisema hivyo kwenye grupu huwa natukanwa kidogo.

Ubishi huu wala sio wa Keko peke yake. Aprili 2025 Trump alitangaza ushuru kwa bidhaa zinazoingia Marekani kutoka karibu dunia nzima, Tanzania tukaangukia kwenye asilimia 10, na toka hapo kila mtu ghafla ni mchumi. Afu Oktoba mwaka huohuo Nobel ya uchumi wakapewa Joel Mokyr, Philippe Aghion na Peter Howitt, watu waliotumia maisha yao kueleza ukuaji unaoletwa na ubunifu. Aghion na Howitt walitoa hesabu yao mwaka 1992, na ukiondoa zile alama za kutisha inasema kitu cha kawaida kabisa: kitu kipya kikiingia kinaua faida ya cha zamani, uchumi unakua kwa mtindo huo wa kuuana, na kwa hiyo aliye na cha zamani ana kila sababu ya kumzuia anayekuja na kipya. Nilivyosoma hapo nikayafikiria magrupu yetu, nikacheka mwenyewe.

Ila utafiti wa Mokyr ndo umenikaa zaidi. Anasema huko nyuma watu waligundua vitu vingi tu lakini vilikuwa vinaishia njiani, kwa sababu walijua namna ya kufanya bila kujua kwa nini inafanya kazi, mpaka Ulaya wenye maarifa ya vitabu na mafundi wenye mikono walipoanza kusikilizana. Wanaojua mbao watanielewa. Fundi wa zamani alifundishwa kwa mninga, anauangalia kwa jicho, anaugonga, anasema umekauka, anaanza kazi, na mlango unakaa miaka. Sasa mninga umekuwa adimu na bei yake mnaijua, tumehamia paini ya kutoka Mufindi, fundi yuleyule na jicho lilelile, mlango unapinda, kabati likiwekwa kwenye chumba chenye AC linapasuka maungio, na lawama zote zinaenda kwa "mbao za siku hizi". Sababu ni kwamba mbao ikipoteza unyevu inasinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei, na mninga kwa asili yake unasinyaa kidogo sana, yaani ulikuwa unatusamehe. Paini haisamehi. Mbao ya fenicha ya ndani inatakiwa unyevu uwe kama asilimia 12 hivi, na hewa ya Dar ilivyo, mbao iliyoanikwa tu nje ya karakana wakati wa masika huwezi kuijua kwa kugonga. Nilivyoanza kutumia kipima unyevu, kidude cha kushika mkononi ambacho bei yake haifikii kitanda kimoja cha mninga, malalamiko ya wateja yalipungua mpaka fundi wangu mkuu, ambaye mwanzoni alikuwa anakiita kitoy cha mtoto, sasa ndo anayekificha wasikiguse.

Watu wataniambia ukibuni kitu Keko, ukikiposti Instagram, wiki ijayo jirani anacho. Kweli kabisa, na mahakamani huendi. Lakini picha haioneshi unyevu wa mbao, haioneshi bawaba uliyoweka wala kama ulipeleka mzigo siku uliyoahidi, kwa hiyo hivyo ndo vitu vya kuwekeza hela, na shepu za kichwa cha kitanda waachie waige.

Hili la mashine ya CNC, ile inayochonga mbao ikiongozwa na kompyuta, sina jibu zuri. Inachonga maua ya mlango kwa muda ambao mchongaji wa patasi hajamaliza hata kupima, na wazee waliokuwa wanalipwa vizuri kwa kuchonga sasa wanapaka vanishi. Denmark mtu akipoteza kazi hivyo analipwa na kupelekwa kusoma fani nyingine, sisi fundi wengi hata NSSF hawamo. Kama una mashine hiyo, mfundishe mchongaji wako kuchora kwenye kompyuta kabla hujachukua kijana wa nje, maana yeye anajua ua zuri linakaaje.

Na mwisho hili la hesabu. Ushuru unabadilika, kila bajeti ya Juni zinakuja taarifa za nchi gani imeomba kubadilishiwa nini kuanzia Julai, usikope kununua mashine bila kuangalia. Afu kuna huu mkataba wa eneo huru la biashara Afrika, tuliuridhia 2021, lengo lake ni kuondoa ushuru kwenye asilimia 90 ya aina za bidhaa, na Misri wana mji mzima wa fenicha unaitwa Damietta, kwa hiyo hata China ikifungiwa milele fenicha za kushindana nazo zipo. Mimi kabla ya kuchukua mkopo wowote napiga hesabu mara mbili, moja kwa 35 na nyingine najifanya ushuru umeshuka mpaka 10, ya pili ikitoa hasara mkopo sichukui. Na kama unataka kijana wako ajifunze habari za mbao kwa undani, kuna VETA pale Chang'ombe, sio mbali na Keko, na anayetaka zaidi kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, kiko Moshi.