Usimrudishie muuzaji sufuria iliyokuunguza

Jumamosi ile nilikuwa nimebandika makande kwenye presha kuka ambayo haikuwa imemaliza hata wiki 6 tangu niinunue mjini. Mfuniko ukaruka. Mahindi yalinasa kwenye dari, na mchuzi wa moto ukanipata kifuani na mkono wa kulia. Aliyeninusuru ni mama wa nyumba ya pili hapa Nkuhungu, Dodoma. Alinivuta hadi kwenye pipa la maji akawa ananimwagia kata baada ya kata, dakika 20 nzima, huku akimfukuza mdogo wangu aliyekuja mbio na dawa ya meno.

Nilipokuwa hospitali, mdogo wangu akaona anisaidie. Akafuta dari, akasugua sufuria kwa steel wire mpaka ikang'aa, akaurudisha ule mpira wa mfuniko mahali pake. Niliporudi jiko lilikuwa safi kama la bibi harusi. Ikabaki picha moja tu, ambayo yule mama alimpigia mume wangu akiwa safarini: mpira umechomoka upande mmoja na sikio la mfuniko limepinda. Bila picha hiyo nisingekuwa na jibu nikiambiwa sikufunga vizuri. Na kweli niliambiwa.

Siku ya tatu muuzaji akapiga simu. "Pole sana dada yangu, ilete tu nikupe mpya." Sauti ya asali. Mume wangu alishaitia kwenye kiroba, yuko mlangoni, ndipo jirani yetu mzee, karani mstaafu wa mahakama, akamuuliza: "Ukishampa, utabaki na nini cha kuonyesha?" Kiroba kikarudi ndani.

Basi, kitu kilichokuumiza kaa nacho. Usikioshe, usimpe fundi akifungue, wala usikiwashe tena eti uone kama kitarudia. Mimi niliweka sufuria, mfuniko, boksi na karatasi ya maelekezo kwenye ndoo moja, nikaandika tarehe juu, nikasukuma uvunguni. Muuzaji akitaka kuangalia, aje kwako aangalie mbele ya mjumbe. Ukilazimika kuikabidhi ikapimwe, iwe TBS (Shirika la Viwango) au kwingine, ipige picha kwanza pande zote, pamoja na namba zilizobandikwa chini, na usiondoke bila karatasi iliyosainiwa na aliyepokea.

Risiti nayo ina mambo yake. Ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, imechapwa kwa joto, na kwa jua hili la Dodoma ukiiacha kwenye pochi au dirishani inafifia mpaka inabaki karatasi nyeupe. Itoe kopi siku hiyo hiyo. Yangu iliandikwa "vyombo" basi, kwa hiyo ilibidi niiambatanishe na meseji ya malipo ya simu yenye saa na kiasi. (Siku hizi nikinunua chochote cha umeme au gesi, namganda muuzaji mpaka aandike jina la bidhaa. Ananuna, lakini anaandika.)

Kuhusu kidonda, tibiwa kwanza, ila PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, isikupite. Daktari akishaijaza, omba nakala. Mwambie pia aandike kwenye faili kilichokuunguza ni nini, maana langu mwanzoni liliandikwa "ajali ya moto nyumbani" wakati moto haukuwepo kabisa. Piga picha kidonda kila kinapofunguliwa, na picha za awali zibaki kwenye simu iliyozipiga. Ukishazirusha WhatsApp zinapungua ubora na kupoteza taarifa za lini zilipigwa.

Usijilaze sana pia. Madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 kuyafikisha mahakamani chini ya Sheria ya Ukomo. Inaonekana mingi, mpaka shahidi ahame na simu iibiwe pale Sabasaba.

Mwisho wake, yule muuzaji alikuja mwenyewe na kijana wake. Nikamwonyesha ile picha na lile sikio lililopinda, mjumbe amekaa pembeni na daftari. Hakurudia tena habari ya kufunga vibaya. Gharama za matibabu alilipa kwa mafungu mawili, tukasainiana ofisi ya mtaa. Alipoaga akauliza kama sasa anaweza kuichukua sufuria. Nikamwambia ndoo iko uvunguni, na nje haitoki.